Pango, LUKU na Mlinzi: Idara Ipi Ibebe Kiasi Gani?

Wafanyabiashara wengi wakishawasha sehemu ya idara kwenye programu ya uhasibu, huanza kukata kila ankara vipande. Pango asilimia 50 karakana, 30 dukani, 20 ofisini. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 50,000 nayo vipande vitatu, na kwa mwezi LUKU hununuliwa mara kadhaa. Miezi ikisogea karani anachoka, asilimia zinabadilishwa katikati ya mwaka, na hakuna anayeweza kueleza kwa nini Machi mlinzi alilipwa na duka peke yake.

Ushauri wangu: usigawe wakati wa kuingiza. Fungua idara moja ya ziada, iite Pamoja, na ankara iingie humo nzima. Pango likibaki mstari mmoja, ni rahisi kulilinganisha na hesabu ya mwenye jengo na kuona kama ile kodi ya zuio ya asilimia 10, ambayo mpangaji huikata kwenye pango na kuipeleka serikalini, imekatwa sawasawa. Mgawanyo ufanye mara moja tu, mwisho wa mwezi, vigezo vyote vikiwa mezani.

Ingizo lenyewe ni jepesi. Fungua akaunti ya matumizi iitwayo Mgawo wa Gharama za Pamoja. Idebiti kwa kila idara fungu lake, kisha uikrediti akaunti hiyohiyo, idara ya Pamoja, kwa jumla yake. Kwa kampuni nzima akaunti hii lazima isome sifuri. Ukiikuta na salio, mtu ameingiza humo ankara halisi, au upande mmoja wa mgawo umeangukia akaunti nyingine. Na kwenye ripoti ya idara, matumizi yake yenyewe yanakaa juu, mgawo unakaa chini peke yake. Mkuu wa idara anaona alichotumia kwa mkono wake na alichobebeshwa.

Kwenye QuickBooks Online idara huwekwa kama klasi, ambazo zimo katika vifurushi vya Plus na Advanced, na ingizo la mgawo unaweza kulihifadhi lijirudie kila mwezi. TallyPrime ina vituo vya gharama, na inakubali uweke asilimia mapema ili igawe yenyewe. Odoo hutumia akaunti za uchambuzi. Programu zote hizi zinajua kuzidisha asilimia. Kuchagua kigezo ni kazi yako, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Chukua mfano wa biashara ya samani yenye karakana ya mita za mraba 300, duka la 200 na ofisi ya uhasibu ya 100. Pango ni shilingi 6,000,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa eneo, karakana inabeba 3,000,000, duka 2,000,000, uhasibu 1,000,000. Lakini uhasibu hauuzi kitu. Unazihudumia idara nyingine mbili. Mishahara na matumizi yake ni 4,000,000, ukijumlisha pango inafika 5,000,000. Hizi nazo zigawe, safari hii kwa idadi ya hati ilizoshughulikia: karakana 100, duka 400. Karakana inaongezewa 1,000,000, duka 4,000,000. Mwisho karakana imebeba 4,000,000 na duka 6,000,000.

Sasa fanya kivivu: chukua 10,000,000 zote, yaani pango 6,000,000 na matumizi ya uhasibu 4,000,000, ugawe kwa eneo la karakana na duka pekee. Karakana inabeba 6,000,000, duka 4,000,000. Fedha ni zilezile, ila aliyeonekana mzigo amebadilika.

Kigezo ninachokikataa karibu kila mara ni mauzo. Kinapendwa kwa sababu takwimu zake zipo tayari, lakini pango halipandi kwa kuwa duka limeuza vizuri. Ukigawa hivyo, anayejituma anamlipia pango anayelala. Kwa mlinzi na intaneti sigombani sana. Eneo na idadi ya watu vinatosha.

Na kabla ya kugawa, pima. Mashine za karakana zinakula umeme ambao duka lenye taa na feni haliujui. Funga mita ndogo, umeme wa karakana uandikwe moja kwa moja karakana. Kitu chenye mita hakina sababu ya kuingia Pamoja.

Dizeli ya jenereta nayo ina mtego. Ukigawa gharama halisi ya kila mwezi, idara moja ikipunguza matumizi, ile sehemu isiyobadilika, kama matengenezo, inawahamia wenzake, ambao hawakuongeza hata saa moja. Mimi hupanga kiwango kwenye bajeti na kukishikilia mwaka mzima: ada maalumu ya kila mwezi kwa utayari wa jenereta, kisha bei kwa saa iliyotumika. Tofauti ikitokea inabaki Pamoja, na aulizwe anayenunua dizeli.

Jingine linalosahauliwa na wenye karakana: mgawo huu ni ripoti ya ndani, usiumwage wote kwenye thamani ya bidhaa zilizopo stoo. Kwa kanuni ya IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa za stoo, pango la karakana linaingia kwenye gharama ya kutengeneza meza, kwa kipimo cha uwezo wa kawaida wa uzalishaji. Ile 1,000,000 ya uhasibu iliyoongezewa karakana kwa kawaida haiingii. Inakwenda moja kwa moja kwenye matumizi ya kipindi.

Halafu kuna mkurugenzi anayeona duka lina hasara baada ya mgawo na kutaka kulifunga. Mkumbushe kwamba katika zile 6,000,000 za duka, pango litaendelea kudaiwa mpaka mkataba ubadilike, na mhasibu hatapunguziwa mshahara kwa kuwa hati zimepungua. Mchapishie ripoti inayoishia juu ya mstari wa Mgawo, kisha mjadili duka.