Hakuna Karani Aliyewabadilisha Majina: Dhana Potofu Kuhusu Wahamiaji wa Marekani ya Viwanda

Kila tarehe 1 Mei, wafanyakazi wa Tanzania na Kenya wanapoandamana na mabango yao, hakosekani mtu wa kusema kwamba sikukuu hii tuliletewa na Wakomunisti wa Urusi. Nimeyasikia maneno hayo hata kwa wasomi. Mei Mosi ilizaliwa Chicago.

Siku hiyo mwaka 1886, wafanyakazi wapatao 300,000 kote Marekani waliweka zana chini wakidai kazi iwe ya saa nane kwa siku. Tarehe 3 polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick, kilichokuwa kikitengeneza mashine za kuvunia, na watu wakafa. Kesho yake jioni ukaitishwa mkutano wa kulaani mauaji hayo mahali paitwapo Haymarket, kwa vipeperushi vilivyochapwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Polisi walipokuja kuwatawanya watu, mtu ambaye hadi leo hajulikani akarusha bomu. Polisi saba walikufa, na raia wasiopungua wanne. Wanaume wanane wakafikishwa mahakamani, watano kati yao wazaliwa wa Ujerumani, na wanne wakanyongwa tarehe 11 Novemba 1887 bila kuthibitishwa kwamba kuna yeyote wao aliyelirusha. Mwaka 1893 gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, naye mzaliwa wa Ujerumani, aliwaachia huru watatu waliokuwa bado gerezani na kueleza kwa maandishi kwamba kesi ile haikuwa ya haki. Tarehe 1 Mei yenyewe ilitangazwa kuwa siku ya wafanyakazi wa dunia na mkutano wa wasoshalisti uliofanyika Paris mwaka 1889. Marekani, ilikoanzia, huadhimisha siku yake Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu waliokilipia kwa shingo zao, wengi wao wahamiaji, wamesahaulika. Ukizikusanya dhana potofu za zama zile, tuseme tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 hadi sheria ya 1924 iliyobana uhamiaji, utaona zina ugonjwa mmoja. Ndani yake mhamiaji ni mtu wa kufanyiwa mambo tu: anapewa jina, anapewa ujira, anapokelewa, anafukuzwa. Kumbukumbu zenyewe zinamwonyesha akijifanyia.

Dhana: Makarani wa Ellis Island waliwabadilisha watu majina

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na filamu zimeikuza. Mzee anafika New York na jina refu la Kipolandi, karani anashindwa kulitamka, anaandika analoliweza, na ukoo mzima unabaki na jina hilo.

Kituo cha Ellis Island, kisiwa cha bandari ya New York walikokaguliwa wahamiaji, kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na hadi kilipofungwa mwaka 1954 kilikuwa kimepitisha watu wapatao milioni 12. Makarani wake hawakuwa na kazi ya kuandika jina la mtu upya. Orodha ya abiria iliandikwa na kampuni ya meli kule safari ilikoanzia, iwe Hamburg, Bremen, Liverpool au Naples, na ilifika New York ikiwa imejazwa: jina, umri, kazi, anakokwenda, nani aliyemlipia nauli. Mkaguzi alishika orodha hiyo na kuuliza maswali yaleyale ili aone kama majibu yanalingana. Kampuni nazo zilikuwa na sababu ya kuandika kwa uangalifu, kwani abiria aliyekataliwa ilibidi arudishwe kwa gharama ya kampuni.

Tena kituo kilijaa wakalimani. Mmoja wao, kati ya mwaka 1907 na 1910, alikuwa Fiorello La Guardia, kijana aliyekuwa na Kiitaliano, Kikroatia, Kijerumani na Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki), ambaye baadaye alikuja kuwa meya wa New York. Mhamiaji wa Sicily hakusimama pale mbele ya mtu asiyejua kutamka jina lake.

Basi majina yalibadilika vipi? Wenyewe waliyabadilisha. Wengine walifanya hivyo baada ya mwaka mmoja, wengine baada ya ishirini. Mtu alichoka kunyimwa kazi kwa sababu ya jina, au watoto walichoka kuchekwa shuleni, au alitaka kibao cha duka lake kisomeke kwa wateja wa mtaa. Sheria ya uraia ya mwaka 1906 iliwaruhusu kubadilisha jina mahakamani siku ileile ya kupewa uraia. Kwangu huu ni ukweli mzito kuliko hadithi ya karani, kwa sababu nyuma yake kuna mtu aliyekaa mezani usiku akipima kipi akiache na kipi akibebe.

Jambo jingine la kituo hicho: abiria wa daraja la kwanza na la pili hawakupelekwa kisiwani kwa kawaida. Walikaguliwa melini na kushuka moja kwa moja. Foleni ya kupekuliwa kope za macho kutafuta trakoma, na alama za chaki makotini mwa walioshukiwa ugonjwa, zilikuwa za waliosafiri sehemu ya chini ya meli. Waliorudishwa walikuwa wachache, kama asilimia 2.

Dhana: Waliondoka kwao na hawakurudi tena

Wengi walirudi. Serikali ya Marekani ilianza kuhesabu wanaoondoka mwaka 1908, na hesabu zikaonyesha msafara mkubwa wa kurudi Ulaya. Kwa jumla ya zama zile, kama theluthi moja ya wahamiaji walirejea makwao, na kwa Waitaliano walikaribia nusu. Mwanamume wa Calabria alivuka bahari kama mtu wetu anavyokwenda mgodini au Uarabuni: kwa muda, kwa shabaha, na hesabu kichwani. Miaka mitatu ya kuchimba mitaro, pesa zinatumwa nyumbani, shamba linanunuliwa, paa linaezekwa, anarudi. Kule kusini mwa Italia waliorejea waliitwa "americani", na nyumba zao zilijulikana.

Wayahudi waliotoka dola ya Urusi ni habari nyingine. Nyuma yao kulikuwa na mashambulizi ya watu wenye chuki na sheria za kuwabana, kwa hiyo walisafiri na familia nzima na wachache sana walirudi.

Dhana: Mlango ulikuwa wazi kwa wote, na kila mtu alifuata utaratibu

Sentensi hii ina makosa mawili. Kwa Mzungu, utaratibu wa kufuata ulikuwa mdogo mno. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hakuhitaji viza, na hadi mwaka 1921 hapakuwa na ukomo wa idadi ya wanaotoka Ulaya. Ukiwa na nauli, afya na jibu la kueleweka, unaingia. Mjukuu anayejisifu leo kwamba babu yake alifuata sheria anasahau kwamba sheria zenyewe zilikuwa chache.

Kwa Mchina mambo yalikuwa kinyume kabisa. Wachina ndio waliokuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi waliojenga reli kutoka California kwenda mashariki, wakipasua miamba ya milima ya Sierra Nevada, hadi reli mbili zilipokutana Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Miaka 13 baadaye, mwaka 1882, bunge likapitisha sheria iliyowataja kwa taifa lao na kuwazuia vibarua wao kuingia. Sheria ya 1892 ikawalazimisha waliokwishaingia kutembea na cheti cha ukaazi. Marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1943. Kwenye kituo cha Angel Island, katika ghuba ya San Francisco, kilichofanya kazi kati ya mwaka 1910 na 1940, mtu aliweza kuzuiliwa kwa wiki kadhaa au hata miezi, akiulizwa nyumba yao ya kijijini ina ngazi ngapi na jirani wa tatu anaitwa nani. Mashairi waliyoyachonga kwenye kuta za mbao yangali yanasomeka.

Nao hawakunyamaza. Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco, alikwenda China kutembea, na aliporudi mwaka 1895 akakataliwa kuingia kwa madai kwamba si raia. Alikwenda mahakamani. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya nchi hiyo ni raia hata kama wazazi wake ni wageni. Kila mtoto wa Mtanzania, Mkongo au Mkenya aliyezaliwa Minneapolis au Houston ana deni kwa mpishi yule.

Dhana: Henry Ford alilipa dola 5 ili wafanyakazi wake wanunue magari yake

Mwezi Januari 1914 Ford alitangaza dola 5 kwa siku ya saa nane, mahali ambapo ujira ulikuwa dola 2 na senti 34 kwa saa tisa. Maelezo ya ukarimu yalikuja baadaye. Shida yake ilikuwa kwamba watu walikuwa wakimkimbia. Kazi ya mstari wa kuunganishia magari, ulioanza mwaka 1913 huko Highland Park, ilikuwa ya kufunga nati ileile mchana kutwa. Mwaka huo alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili abaki na 14,000 hivi.

Walioacha kazi hawakuandika kitabu wala hawakutoa hotuba. Waliondoka tu, na kuondoka kwao ndiko kulikopandisha ujira.

Hizo dola 5 pia hazikuwa mshahara mtupu. Karibu nusu yake iliitwa mgawo wa faida, na ili uupate wakaguzi wa kampuni walikuja nyumbani kwako kuangalia usafi, ulevi na akiba. Wageni walipelekwa darasani kujifunza Kiingereza. Kwenye mahafali, wahitimu waliingia ndani ya chungu kikubwa jukwaani wakiwa na mavazi ya kwao, wakatoka upande wa pili wamevaa suti na kushika bendera ya Marekani. Na mwezi uleule wa Januari 1914, zaidi ya wafanyakazi 800 Waorthodoksi, Wagiriki na Warusi, walifukuzwa kwa kosa la kutokuja kazini siku yao ya Krismasi.

Dhana: Wanawake wahamiaji walikubali lolote

Tarehe 22 Novemba 1909, katika ukumbi wa Cooper Union huko New York, msichana Clara Lemlich, mshonaji aliyetoka Ukraine, alichoka kusikiliza hotuba za wakubwa. Akapanda jukwaani na kusema kwa Kiyidi kwamba anataka mgomo mkuu. Washonaji zaidi ya 20,000, wengi wao wasichana, waligoma katikati ya baridi hadi Februari. Wamiliki wengi walikubali kuzungumza na chama chao. Kiwanda cha nguo cha Triangle hakikukitambua.

Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda hicho kiliwaka moto. Mlango wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya sita. Walikufa watu 146. Wamiliki, nao wahamiaji, walishtakiwa na kuachiwa. Ila jimbo la New York liliunda tume, na sheria zaidi ya 30 za usalama kazini zikafuata. Mlango wa kiwanda unaofunguka kwa kusukumwa nje una damu ya wasichana wale.

Dhana: Historia hii haituhusu sisi

Tazama kitambaa. Katika miaka ya 1840 na 1850, shuka nyeupe za pamba kutoka viwanda vya Massachusetts zilifika Unguja kwa meli za bandari ya Salem kwa wingi hata zikaitwa merikani, na jina limebaki. Nyuzi zile zilisokotwa na wasichana wa mashambani, kisha na Waayalandi waliokimbia njaa. Meli zilirudi na sandarusi ya kutengenezea vanishi na pembe za ndovu. Sehemu kubwa ya pembe hizo iliishia katika vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikapasuliwa vipande vyembamba, zikaanikwa juani nyuma ya vioo hadi zikawa nyeupe, kisha zikabandikwa kwenye vibonye vya piano. Piano zenyewe nyingi zilitengenezwa na wahamiaji wa Kijerumani kama akina Steinway, ukoo ulioitwa Steinweg hadi wenyewe walipoamua vingine.

Kutoka Unyamwezi hadi pwani pembe hizo zilibebwa mabegani. Kulikuwa na watumwa njiani, lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira wao kwa doti za merikani kabla ya safari kuanza. Na posho ikichelewa, waliweka mizigo chini.