Lakers walivyochenji Westbrook Februari 2023: mimi nawapa maksi ngapi?

Kila ikifika Februari napigwa swali lile lile, "fulani kashinda hii tredi (timu kubadilishana wachezaji) au kaliwa?", na mtu anataka jibu usiku huo huo kabla hata mchezaji mwenyewe hajapanda ndege. Kazi yangu ni kukaa na video na takwimu za kikapu, na ukweli ni kwamba siku ya dedilaini yenyewe, yaani siku ya mwisho ya kufanya tredi, jibu huwa nusu tu, kuna vitu unavipima pale pale na kuna vingine lazima usubiri mtoano, vingine mpaka misimu miwili ipite. Kwahiyo leo naacha za juzi juzi, nachukua moja ambayo imeshaiva kabisa, Lakers wa NBA Februari 2023 walipomtoa Russell Westbrook, kwa sababu ile ina kila kitu ndani yake, ina pesa, ina uwanjani, na ina timu ya tatu ambayo watu wengi waliisahau.

Msimu wa 2022-23 Lakers walianza 2-10. Yaani mechi 12 wameshinda mbili. Tarehe 7 Februari LeBron akavunja rekodi ya pointi ya Kareem Abdul-Jabbar, dunia nzima ikasherehekea, ila ile mechi Oklahoma City waliwapiga, wakatoka pale 25-30 (wameshinda 25, wamepoteza 30), nafasi ya 13 Magharibi, ile nusu ya ligi wanayocheza. LeBron ana miaka 38, Anthony Davis ndo kwanza amerudi toka kwenye majeraha ya mguu, na katikati ya hao wawili yupo Russell Westbrook anayelipwa dola milioni 47 kwa msimu.

Sina ugomvi na Westbrook, tuelewane, jamaa alikubali kutokea benchi na kuna siku aliibeba timu. Ishu ni kwamba hakuwa anaogopwa akiwa mbali na kikapu. Ukirudisha video za kipindi kile utaona beki wake anamwachia kabisa, anarudi ndani, anasimama kwenye njia ambayo LeBron anataka kupita, Davis akipokea mpira chini anakuta mikono ya watu watatu. Na Lakers kwa kurusha pointi tatu walikuwa kati ya timu za mwisho kwenye ligi, kwahiyo hata mpira ukitolewa nje wapinzani hawana presha, rusha tu bwana. Kocha Darvin Ham alikuwa anapanga safu ambazo zina mrushaji mmoja, siku nyingine hata huyo hayupo.

Sasa kwa nini wasimwache tu wachukue wengine? Hapa ndo mashabiki wengi wanapotea, wanadhani ni kama usajili wa mpira wa miguu, unatoa hela unachukua mtu. NBA timu ikishavuka kikomo cha mishahara haiwezi kununua tu, lazima mishahara inayotoka na inayoingia ikaribiane, kwa sheria za wakati ule timu kama Lakers ilikuwa inaruhusiwa kupokea mpaka asilimia 125 ya ilichotoa na kadola kidogo juu yake. Kwahiyo mkataba wa milioni 47 ni kama noti ya elfu kumi gengeni saa kumi na mbili asubuhi, ina thamani ndio, ila ukitaka nyanya za mia tano hakuna wa kukurudishia chenji. Utah, waliompokea Westbrook, walikubali kuwa na chenji, na walitaka kulipwa kwa hiyo kazi.

Na malipo yenyewe ndo kitu cha kwanza ninachopima mimi, kabla ya majina. Lakers walikuwa na piki (haki ya kuchagua chipukizi wapya wanaoingia ligi) mbili tu za raundi ya kwanza ambazo wangeweza kuzitoa, ya 2027 na ya 2029, kwa sababu nyingine zilishafungwa na New Orleans tangu wamlete Davis 2019, na sheria hairuhusu ukae miaka miwili mfululizo ijayo bila piki ya raundi ya kwanza. Kiangazi cha 2022 kelele zote zilikuwa wazitoe zote mbili kwa Indiana wawapate Myles Turner na Buddy Hield. Meneja wao Rob Pelinka akagoma, akatukanwa miezi sita. Mwishowe katoa moja tu, ya 2027, tena kaiwekea kinga, ikiangukia nafasi nne za kwanza haiendi. Kwa timu iliyokuwa imebanwa vile, mtu wa nafasi ya 13, mimi naona bei ilikuwa nzuri, na hii usiku ule ule wa dedilaini (kwetu huku ilikuwa saa tano usiku) ungeweza kuisema bila kusubiri kitu.

Ila tredi niliyoipenda zaidi haikuwa ile kubwa, na wala haikutokea siku hiyo. Tarehe 23 Januari walishampata Rui Hachimura toka Washington kwa Kendrick Nunn na piki tatu za raundi ya pili. Watu wakapiga miayo. Rui alikuwa na miaka 24, mrefu, mwili upo, anarusha vizuri toka umbali wa kati, na mkataba wake ulikuwa unaisha kiangazi kile. Wengi waliona hilo la mkataba kuisha ni hasara, miezi mitano halafu anasepa, kumbe ukiwa umevuka kikomo ndo faida yenyewe hiyo: huwezi kumsajili mtu wa aina ile sokoni, pesa huna nafasi ya kuitumia, lakini ukimpata kwa tredi unapata na haki ya kumuongezea mkataba hata kama umevuka. Yaani Nunn ambaye hakuwa anatumika sana amegeuka mlango wa kumpata mtu wa kudumu. Hiyo ni kazi safi sana ya ofisini na haipigiwi makofi.

Alafu sasa ndo ikaja ile ya timu tatu. Lakers wanatoa Westbrook, Juan Toscano-Anderson, Damian Jones na ile piki, wanapokea D'Angelo Russell, Malik Beasley na Jarred Vanderbilt. Ukijumlisha mishahara ya hao watatu inafika kama milioni 51, unaona chenji ilivyopatikana: Russell kama 31, Beasley 15 na ushee, Vanderbilt nne na kitu tu. Na huyo wa nne na kitu ndo nilikuwa namtaka mimi.

Vanderbilt hajui kurusha, tusidanganyane, lakini anakimbia, anachukua ribaundi, na anaweza kumkaba gadi wa timu pinzani akiwa na urefu wa fowadi. Tarehe 26 Februari kule Dallas walikuwa nyuma kwa pointi 27 wakarudi wakashinda, Vanderbilt akiwa juu ya Luka Doncic na ribaundi 17 mfukoni, ile mechi ukiiangalia bila sauti unaona kabisa timu imebadilika miguu. Kabla yake walikuwa wanakaba kama watu waliochoka saa nane mchana. Mechi hiyo hiyo LeBron akaumia mguu, akakaa nje wiki kadhaa, na timu haikuzama, ikaendelea kuokota ushindi bila yeye, kitu ambacho Novemba kisingewezekana hata kwa maombi.

Za pembeni napita haraka. Patrick Beverley alitoka akaja Mo Bamba, mrefu wa kupumzika nyuma ya Davis, akaumia kifundo, hatukumuona sana. Thomas Bryant ambaye aliwashikia nafasi vizuri Davis alipokuwa hayupo alipelekwa Denver kwa Davon Reed na piki za raundi ya pili, hakucheza mtoano wa maana lakini pete ya ubingwa kaipata, maana Denver ndo walikuwa mabingwa msimu ule, na njia yao ilipita kwa Lakers hao hao.

Toka ile siku ya 25-30 walimaliza 43-39, maana yake 18-9 mechi zilizobaki. Wakawa wa saba, wakawatoa Minnesota kwenye mechi ya kuwania nafasi ya kuingia mtoano, tena kwa muda wa nyongeza, wakawapiga Memphis 4-2, wakawapiga Golden State waliokuwa mabingwa watetezi 4-2. Rui mechi ya kwanza na Memphis alitoka benchi akaweka pointi 29. Russell mechi ya kuwamaliza Memphis, ile ya 125-85, aliweka 31. Mashabiki wa Lakers huku kwetu walikuwa wanaamka alfajiri na chai mkononi wanaangalia timu iliyokuwa ya 13 inaingia fainali ya Magharibi. Kama ungeniuliza wiki hiyo ningesema tisa kati ya kumi na ungeniona mtu mwenye busara.

Halafu wakakutana na Denver, nne bila.

Hapa ndo penye nyama. Matokeo yalikuwa 132-126, 108-103, 119-108, 113-111, ukijumlisha tofauti zote nne ni pointi 24 tu, kwahiyo usiniambie walidhalilishwa, hawakudhalilishwa. Lakini mtoano kwenye hatua ile unafanya kitu kimoja kibaya, unamtafuta yule mmoja kwenye safu yako mwenye tundu. Vanderbilt tundu lake ni kurusha: Denver wakamwachia kama wapinzani walivyokuwa wanamwachia Westbrook, dakika zake zikayeyuka. Russell tundu lake ni kukaba: kila Jamal Murray akitaka kitu anaitiwa skrini (mwenzake anasimama kumzuia beki) mpaka Russell abaki naye, na huku mbele mipira ya Russell haiingii, mechi ya nne akaanzia benchi. Beasley, mrushaji aliyeletwa kwa kazi ya kurusha, alishatoka kwenye hesabu kabla hata ya raundi ile. Unaona basi, walichenji noti kubwa wakapata sarafu nyingi, ila ukiondoa zile ambazo Denver hawazipokei kaunta imebaki na Rui.

Na Rui alikaa. Robo ya nne ya mechi ya kwanza Ham akamuweka Rui amkabe Nikola Jokic mwili kwa mwili, Davis akaachiwa azunguke nyuma kusaidia, na Lakers wakarudi karibu kuiba ile mechi. Timu nyingine zikaukopi ule mpango baadaye. Mtu aliyekuja kwa Nunn na piki za raundi ya pili.

Kuna kitu kingine kwenye ile seriizi ambacho mpaka leo kinaniuma kama mchambuzi. Upande wa Denver alikuwa anaanza Kentavious Caldwell-Pope. Huyu ni wa Lakers, bingwa nao 2020, na alitolewa 2021 pamoja na Kyle Kuzma, Montrezl Harrell na piki ya 22 ili aje nani? Westbrook. Kwahiyo ukitaka kuipima Februari 2023 kwa haki lazima ujue kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa ni kulipa deni la 2021, walitumia piki ya 2027 kununua tena kina cha timu waliyokuwa nayo wenyewe bure. Mimi ndo maana sitoi tisa. Natoa saba kwa ofisi ya Februari, na ofisi ya 2021 sina hata maksi za kuandika.

Kiangazi kile wakagawanya zile chenji tena. Rui miaka mitatu milioni 51, Vanderbilt akaongezewa miaka minne milioni 48, Russell miaka miwili kama 36, Beasley na Bamba wakaachwa. Mkataba wa Russell watu waliushangaa, mtu kafeli mtoano mnampa tena? Mimi nilikuwa nauona kama mshahara wa kutumia kwenye tredi ijayo kuliko mchezaji, na kweli Desemba 2024 ndo uliomleta Dorian Finney-Smith toka Brooklyn. Westbrook angebaki mpaka mkataba uishe wasingekuwa na hicho kitu, angeondoka na nafasi yake ingeondoka naye. Hii sehemu ya kubaki na mikataba ya saizi ya kati ndo wengi hawaiweki kwenye maksi zao, na kwangu ni nusu ya zile saba.

Sasa wale wa tatu. Minnesota kwenye ile tredi walimtoa Russell wakapokea Mike Conley mwenye miaka 35, Nickeil Alexander-Walker na piki za raundi ya pili, wakachekwa, mmempeleka kijana mkamchukua mzee. Conley hakuhitaji mpira mikononi muda wote, alijua nyota wao Anthony Edwards na Rudy Gobert wanautaka wapi, na alikuwa anarusha akiachiwa. Alexander-Walker alikuwa kama nyongeza tu kwenye karatasi, usiku ule sidhani kama kuna mchambuzi alimtaja mara mbili, akageuka mkabaji wa gadi anayerusha tatu, yaani Vanderbilt asiyeachiwa na Russell asiyetafutwa, kwenye mtu mmoja.

Mtoano wa 2024 Lakers wakakutana na Denver tena, raundi ya kwanza, wakatolewa 4-1, na mechi ya tatu Russell alimaliza bila pointi hata moja. Raundi iliyofuata Denver hao hao wakatolewa kwa mechi saba, na waliowatoa ni Minnesota, Conley akianza na Alexander-Walker akiwa kwenye kazi ya kumfukuza Murray.