Metadata: siri ambazo simu hutoa bila kusikilizwa

Ukisema serikali inafuatilia mawasiliano, wengi hupata picha ya afisa aliyevaa hedifoni akisikiliza watu wanavyoongea. Hayo yapo, ila yanakula muda na watu. Kuna njia nyepesi zaidi, nayo ni metadata.

Metadata ni taarifa za mawasiliano bila maneno yenyewe: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe, saa, dakika mlizoongea, na mnara uliobeba simu. Kampuni ya simu lazima izijue, la sivyo haiwezi kukuunganisha wala kukukata salio. Hata ujumbe wa WhatsApp, ambao maneno yake hufungwa yasisomeke njiani, hauwezi kufika bila mtambo kujua unatoka kwa nani na unakwenda kwa nani.

Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la Guardian la Uingereza lilichapisha amri ya siri ya mahakama iliyovujishwa na Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi za mkataba kwa shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani ilikuwa imeamriwa kulikabidhi NSA kumbukumbu za simu za wateja wake, kila siku. Siku 2 baadaye Rais Barack Obama aliwaambia wananchi kwamba hakuna anayesikiliza simu zao. Kwa mpango ule, maneno hayakuwa yakichukuliwa kweli. Lakini jibu hilo halimtoshi mtu yeyote anayejua metadata inasema nini.

Chukua simu mbili. Kila Ijumaa, kuanzia saa nne usiku, zinashika mnara mmoja. Saa kumi na mbili asubuhi kila moja inakwenda njia yake. Mwezi unaofuata, moja inapiga kliniki ya wajawazito, dakika 3. Usiku uleule inampigia mama mzazi, dakika 48. Hakuna neno lililosikilizwa, na tayari mtu baki anajua jambo ambalo baba wa binti huyo hajaambiwa. Mdomo unaweza kusema niko kazini. Mnara hausemi hivyo.

Mwaka 2015 Bunge la Marekani lilikomesha ule ukusanyaji wa jumla. Mwaka 2018, katika kesi ya Carpenter, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliangalia kumbukumbu za minara za siku 127 ambazo wapelelezi wa serikali walizipata bila hati ya upekuzi. Zilimwonyesha mtu mmoja mahali alipokuwa mara 12,898. Majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kuwa huo ni upekuzi, na kwa kawaida hati inatakiwa.

Kwetu, Katiba ya Kenya inalinda faragha ya mawasiliano katika Ibara ya 31. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania nayo inataja mawasiliano ya binafsi, si mazungumzo peke yake, na inayataja katika sentensi ileile inayolinda familia ya mtu, unyumba wake na maskani yake.