Seli tunazo, shida ni makazi yake

Nikisema mimi ni mhandisi wa tishu, yaani natengeneza nyama na ngozi za kuziba palipoharibika mwilini, swali la kwanza huwa: hizo seli za ngozi mnazitoa wapi? Jamani, seli si tatizo kubwa kiasi hicho. Watafiti James Rheinwald na Howard Green walionyesha namna ya kuziotesha maabara tangu 1975, kule Marekani. Leo kipande chenye ukubwa wa stempu, katika wiki tatu hivi au nne, huzaa utando wa kufunika karibu mwili mzima.

Ila utando huo ni ngozi ya juu tu. Ukiuweka juu ya jeraha la moto lililofika ndani, huvimba malengelenge na kubanduka kwa msuguano mdogo, kwa sababu chini yake hakuna cha kuushika. Ngozi ya ndani ikishateketea haioti tena kwa mtu mzima. Mwili huvuta kingo za kidonda na kujaza kovu.

Hapo ndipo walipoingia mhandisi Ioannis Yannas na daktari wa upasuaji John Burke. Mwaka 1981 walitangaza sponji ya kolajeni (protini ya nyuzi inayoipa ngozi uimara) ya ng'ombe iliyochanganywa na kemikali ya gegedu la papa, juu yake silikoni ya kuzuia maji yasipotee. Siri ilikuwa kwenye matundu yake, takriban mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 20 hadi 120. Yakiwa madogo mno seli haziingii. Yakiwa makubwa mno hazina pa kushika. Sponji huyeyuka taratibu huku mwili ukijenga tishu yake.

Sisi wa nano, tunaofanya kazi kwa vipimo vya nanomita (sehemu ya elfu ya mikromita), tunashuka chini zaidi. Nyuzi za kolajeni asilia zina unene wa nanomita kumi kadhaa hadi mia kadhaa, na unywele una unene wa kama nanomita 80,000. Tunavuta myeyusho kutoka ncha ya sindano kwa umeme wa maelfu ya volti, unakauka hewani kuwa nyuzi za kadiri hiyo, na seli huzing'ang'ania vizuri. Dawa nazo unaweza kuzitia humo humo.

Kuhusu chembe za madini ya fedha, wengi wanazisifu kupita kiasi. Zinaua bakteria, kweli, lakini huchelewesha pia seli za ngozi. Kidonda kikishakuwa safi, mimi ningeziondoa.

Na tezi za jasho bado hatujaweza kuziotesha kwa wagonjwa. Aliyepandikizwa eneo kubwa huteseka na joto, hata jeraha likiwa limefunga kabisa.