Unatoka Kisumu kwenda kuona vidimbwi vya bahari? Angalia mwezi kwanza

Watu wangu wa Kisumu, likizo ikikaribia mnaniuliza sana mambo ya Pwani, na karibu maswali yote ni nauli na hoteli. Mimi nimesomea viumbe vya majini, kazi yangu iko hapa Ziwa Victoria, lakini nikipata nafasi naenda Watamu, kule Pwani karibu na Malindi, kuangalia vidimbwi vile maji huacha kwa miamba bahari ikirudi nyuma, na nawaambia cha kupanga kwanza ni siku ya mwezi, hoteli baadaye.

Ziwa letu halitufundishi hii maneno. Maji ya ufuo wetu wa Dunga hupanda mvua ikizidi, vile 2020 yaliingia mpaka kwa nyumba za watu, na upepo huyasukuma huku na kule, lakini kupwa (maji kurudi nyuma) na kujaa kwenyewe huwezi kukuona kwa macho. Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kama dakika 50, na mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, hapo ndio watu wa Pwani husema bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Wiki moja baadaye ni maji mafu, bahari inasogea kidogo tu na miamba mingi inabaki imefunikwa. Kuna mtu husafiri usiku kucha, anafika wakati wa maji mafu, anarudi akisema hakuna kitu.

Na sisi kalenda tunayo tayari. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza kwa sababu mwezi ukiwaka taa zao hazivuti samaki vizuri, kwa hivyo wiki ile unaona taa zimejaa ziwani mwezi ukiwa umepotea kabisa, ujue kule Watamu ni bamvua. Kitu kingine kinachonifurahisha, kwa pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, bamvua baada ya bamvua, kwa hivyo ingia saa tatu ufuate maji yakishuka.

Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968, chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, unalipa kiingilio. Mwamba wenyewe ni matumbawe ya zamani yaliyogeuka jiwe, ni makali, vaa raba. Juu kabisa utaona konokono wadogo na chaza walioganda, wamejifunga na maji kidogo ndani wakingoja bahari irudi. Chini zaidi ndio kuna vidimbwi, na hapo tafadhali chuchumaa, usitembee tembee. Kivuli chako kikitulia wanatoka mmoja mmoja, kaa aliyebeba gamba la konokono aliyekufa, kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, na wale weusi wa mviringo wenye miiba mirefu ambao hutaki kuwakanyaga. Ukiona shimo na nje kuna maganda ya kaa yamerundikana, angalia ndani polepole, hapo ni kwa pweza, na utaona jicho kabla ya kuona mwili kwa sababu ngozi yake imechukua rangi ya jiwe, kisha unaona pale kando panafunguka na kufungika, anapumua.

Hawa wanyama ni wagumu kuliko tunavyofikiria. Jua la mchana linapasha kidimbwi, maji yanakauka na chumvi inazidi, mvua ikinyesha chumvi inashuka ghafla, usiku mimea haitoi oksijeni na wote wanaendelea kuivuta. Ukigeuza jiwe, lirudishe vile lilikuwa, walioshika upande wa chini hawavumilii jua. Magamba usibebe, ni marufuku ndani ya hifadhi na yule kaa anayahitaji akikua. Na konokono mwenye gamba la umbo la koni usimshike hata kama ni mrembo, ana mwiba wa sumu na kuna aina iliyoua watu, dawa ya kuua hiyo sumu haipo.

Maji yakigeuka toka. Yanaanza polepole halafu saa ya tatu na ya nne baada ya kugeuka yanakuja kwa kasi, yakipitia mifereji iliyo nyuma yako. Jedwali la maji liko kwa intaneti, tafuta la Kilindini, bandari ya Mombasa, ama Malindi, uangalie kabla hujakata tiketi ya basi.