Satelaiti zinazopima naitrojeni dayoksaidi: yanayosemwa na ukweli wake

Kila ikisambaa ile ramani ya satelaiti ya Marekani au Korea yenye mabaka mekundu juu ya miji, inayoonyesha naitrojeni dayoksaidi (gesi chafu inayotoka kwenye injini na mitambo ya umeme), kwenye magrupu yanaanza maelezo ya ajabu ajabu, basi ngoja tupitie haya yanayorudiwa sana.

Eti satelaiti inapiga picha ya moshi. Hapana bwana, hamna moshi pale. Kilichomo ni spektromita, yaani kifaa cha kuchambua mwanga, inapokea mwanga wa jua uliogonga ardhi ukarudi juu, inauchambua rangi moja moja, sasa naitrojeni dayoksaidi ina tabia ya kumeza mwanga wa bluu na zambarau, kuanzia nanomita 400 na kidogo, na inaumeza kwa mpangilio wake yenyewe, kwahiyo kinachopimwa ni mwanga uliopungua. Huo wekundu ni rangi tu aliyochagua mchora ramani.

Eti imesimama juu ya mji inautazama usiku na mchana. Kwanza haijasimama, inakimbia kama kilomita 3 kwa sekunde, ila inazunguka sambamba na dunia kwenye kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta ndo mana toka chini inaonekana iko palepale, hata dishi la king'amuzi juu ya bati lako halihangaiki kufuata satelaiti ya tivii kwa sababu hiyohiyo. TEMPO, kifaa cha NASA na taasisi ya Smithsonian cha kupima gesi hii, wala haina satelaiti yake, imepandishwa kwenye Intelsat 40e ya mawasiliano, ikarushwa Aprili 2023, na haiko hata juu ya Marekani! Iko juu ya ikweta usawa wa visiwa vya Galapagos, inatazama kaskazini kwa kuinamia. Jua likizama kazi imeisha, mwanga wa kuchambua utoke wapi. Mawingu mazito nayo yanaficha kilicho chini yake.

Eti zile zinazopita chini chini ni bora maana ziko karibu. Sentinel-5P, satelaiti ya Ulaya, iko kilomita 824 hivi na kweli inaona vizuri, lakini inapita mara moja kwa siku, kama saa saba na nusu mchana, muda ambao foleni ya asubuhi imeshakwisha na jua limeshaivunjavunja sehemu kubwa ya gesi, maana mchana gesi hii haimalizi masaa mengi hewani. GEMS, kifaa cha Korea Kusini kama TEMPO, iliyorushwa Februari 2020, ndo ya kwanza kupima hewa chafu kila saa ya mchana toka kimo kile. TEMPO nayo kila saa inafagia toka Atlantiki mpaka Pasifiki, kwa vipande vya ramani vya karibu kilomita 2 kwa 4.75, toka umbali wote ule.

Sasa eti namba ya satelaiti ndo hewa unayovuta. Hapa ndo watu wanapotea kabisa. Satelaiti inahesabu molekuli zote zilizopangana toka ardhini kwenda juu, pamoja na zile za stratosfia (tabaka la hewa la juu sana) ambazo hakuna pua inayozifikia, hizo wataalamu wanazitoa kwa hesabu, halafu wanatumia modeli kukisia zilizobaki zimekaaje. Asubuhi hewa ya chini imebanwa kwenye tabaka jembamba, moshi wa magari unajazana usawa wa uso, ikifika mchana ardhi imepata joto tabaka linapanda kilomita moja au zaidi na gesi ileile inatawanyika. Kwahiyo satelaiti inaweza kutoa namba ileile saa mbili asubuhi na saa saba mchana, huku yule aliyesimama kituoni asubuhi amevuta nyingi zaidi. Tena kipande kimoja kinachanganya stendi yenye mabasi ya dizeli yanaunguruma na bustani ya jirani, wote wanapewa namba moja. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri gesi hii isizidi mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, hiyo ni ya hewa ya puani, usiichukue ukailinganisha na rangi ya ramani.

Eti gesi hii ni hewa ukaa (kaboni dayoksaidi). Siyo, hewa ukaa inakaa miaka na miaka. Zinatoka pamoja kwenye injini na mitambo ya umeme, basi.

Eti na sisi huku tunatazamwa kila saa kwa kuwa tuko ikweta. Kukaa juu ya ikweta siyo kuitazama ikweta. GEMS inaangalia toka India hadi Japani, TEMPO Amerika Kaskazini, na Sentinel-4 iliyorushwa Julai 2025 ni ya Ulaya na Afrika Kaskazini. Mbongo wa Houston anaweza kuangalia gesi ya mtaani kwake ilivyobadilika toka asubuhi hadi jioni, ndugu yake wa Dar anapata ile ya Sentinel-5P ya saa saba na nusu mchana tu, tena kama hakuna wingu. Foleni ya Ubungo ya saa moja asubuhi haimo kabisa, anayeitaka hiyo itabidi atafute kipimo cha ardhini, kifungwe barabarani pale pale.