Eti chuo cha kwenda kucheza gemu?

Kila nikitaja chuo cha kutengeneza gemu na animesheni watu wanacheka, mjomba wangu aliniuliza kabisa "kwa hiyo mzazi analipa ada ili mtoto akacheze PS?" Naelewa inakotoka, maana gemu wengi wetu tumeijua kwenye vibanda vya mtaani na ilikuwa inatuchapisha bakora. Ila linaniuma kwa sababu kuna vijana wanakatazwa kitu ambacho mzazi hajawahi kukiona. Mimi nitaongelea DigiPen ambayo ndio naifuatilia siku nyingi, iko Redmond, jimbo la Washington, Marekani, mji huohuo zilipo Microsoft na ofisi za Marekani za Nintendo, ile kampuni ya gemu ya Japani.

Watu wanadhani ni chuo cha Nintendo. Sio kweli. Claude Comair aliianzisha 1988 kule Vancouver, Kanada, ikiwa kampuni ya mambo ya michoro ya kompyuta na animesheni, Nintendo wakaja baadae wakashirikiana nao kuandaa kozi ya miaka 2 ya kuprogramu gemu, darasa la kwanza likaanza 1994. Mwaka 1998 wakahamia Redmond wakaanza kutoa shahada.

Haya sasa hilo la "kucheza tu". Ukweli ni kwamba anayesomea kuprogramu pale anakula hesabu mpaka anachoka, yaani kalkulasi, fizikia, na aljebra ya vekta na matriksi. Unakumbuka zile matriksi za kidato cha 4 tulizokuwa tunamuuliza mwalimu zitatusaidia nini maishani? Ndio hizo! Mhusika akigeuka, kamera ikimfuata, gari likipinda kona, ndani yake ni matriksi zinazidishwa, na zinazidishwa haraka kwelikweli kwa sababu gemu ikienda fremu (yaani picha moja moja) 60 kwa sekunde basi kompyuta ina kama milisekunde 16 tu kumaliza kila kitu cha fremu moja, ikichelewa picha inakwama na mchezaji anaona. Halafu wanafunzi wa kuprogramu wanaandika wenyewe injini ya gemu, yaani programu ya msingi inayoiendesha, kwa lugha ya kuprogramu ya C++ kuanzia chini, hawachukui tu injini iliyotengenezwa na mtu mwingine wakaipaka rangi. Wengi waliokuja kwa sababu wanapenda kucheza wanashtukia hapo.

Upande wa animesheni nako kuna lake, "kompyuta si inachora yenyewe". Jamani. Wanaanza na penseli na karatasi, wanachora mtu aliyekaa mbele yao, wanasoma mifupa na misuli inavyovutana. Ni kweli ukiipa kompyuta mikao miwili inajaza ya katikati, lakini ukiiachia ifanye inavyotaka mhusika anaelea kama yuko ndani ya maji, hana uzito, hakanyagi chini. Uzito anauweka binadamu. Na filamu ni fremu 24 kwa sekunde, dakika moja tu ni fremu 1,440, piga hesabu mwenyewe.

Wengine wanafikiri mtu anatoka pale anajua vyote. Hapana, kuna wa kuprogramu, kuna wa kuchora, kuna wa kubuni mchezo wenyewe, kuna hadi wa muziki na sauti, wanawekwa timu moja na kujifunza kuvumiliana.

Ninayoipenda kuliko zote ni hii, wanaosema kazi za wanafunzi ni za kupata maksi tu, na wale wanaosema hii fani ni ya wavulana. Mwaka 2005 kundi la wanafunzi wa DigiPen, akiwemo dada mmoja Kim Swift, walitengeneza gemu inaitwa Narbacular Drop, wazo lake ni milango miwili, unaingia ukutani hapa unatokea kule. Kampuni ya Valve ikaiona, ikaajiri timu nzima, na 2007 wazo lilelile likatoka kama Portal ambayo dunia nzima imeicheza, na Kim ndiye aliyeongoza ubunifu wake. Unaona hapo kilichowapa kazi ni ile gemu waliyoionyesha, cheti peke yake kisingewafikisha, na mpaka leo kampuni za gemu zinataka kuona ulichotengeneza.

La mwisho ni wale wanaosema bila kwenda Marekani huwezi kitu. Ada ya pale ni zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka, wengi wetu hatuiwezi, tusidanganyane. Lakini Blender, programu ya kutengeneza animesheni, ni ya bure, Godot, injini ya kutengenezea gemu, nayo ya bure, mdogo wangu anajifunzia kwenye laptop ya mtumba inayounguruma kama mashine ya kusaga. Mwezi jana alitengeneza mpira ukawa unashuka na kupanda kama lifti, juzi kaniita nione, sasa unabonyea kidogo ukigusa chini halafu unaruka, tumekaa pale tunauangalia tu unavyodunda.